Pua ya Cheruto

Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, na kama kuna kitu nilichotoka nacho huko darasani mbali na pensheni na magoti mabovu, ni kutomwamini mtu anayepata jibu bila kuonyesha njia. Mtoto aliyekuwa wa thelathini muhula uliopita akiibuka wa pili muhula huu, sikumpigia makofi. Nilimhamishia dawati la mbele, nikampa karatasi nyingine, nikasimama nyuma yake. Mara nyingi nilikuwa na haki. Zile mara nilizokosea sikuziweka hesabuni.

Basi mniwie radhi nikisema kwamba Cheruto nilimshuku tangu wiki ya kwanza.

Cheruto alikuwa mpima maziwa wa kikundi chetu, hapa nje kidogo ya Njoro. Kila asubuhi wanachama tulipanga mikebe yetu mbele ya kibanda cha mabati, naye akaipitia mmoja mmoja. Alifungua kifuniko, akainamisha kichwa upesi kabla harufu ya kwanza haijatoroka, akafunga. Basi. Laktomita ya kupima kama maziwa yametiwa maji alikuwa nayo, spiriti ya kupimia kama yamechacha alikuwa nayo, na alivitumia kwa kuwa sheria ilitaka, lakini kila mtu alijua hukumu ilishatoka puani. Angekwambia ng'ombe wako amekula kabichi. Angekwambia mkebe ulikaa karibu na vitunguu. Siku moja alimwambia Kimeli, anayetubebea maziwa kwa pikapu yake mpaka Nakuru, kwamba ng'ombe wake mwekundu ameanza kuugua kiwele. Kimeli akaenda akatazama, hakuona kitu. Baada ya siku mbili kiwele kikavimba.

Watu walikuwa na maneno yao kwa jambo hilo. Vijana walisema huyo dada ni mnoma, yaani kiboko. Mwenyekiti wetu, Mzee Bethwel, alisema ana kipawa. Akina mama wa kanisani walisema ni mkono wa Mungu, ingawa ilikuwa pua. Mimi nilikuwa na neno langu: mjanja. Sikulisema hadharani. Nililiweka tu, kama mtu anavyoweka panga nyuma ya mlango.

Hodari, stadi, mahiri, mwerevu, mjanja: ukiyatazama kwa mbali, maneno haya yote yanamsifu mtu anayejua jambo. Lakini nimesahihisha insha za kutosha kujua kwamba watu hawayatumii hivyo. Mume wako akifufua redio iliyokufa, ni fundi. Mume wa jirani akiifufua, ni mjanja, na unaanza kujiuliza redio yenyewe aliitoa wapi. Mimi niliyajua hayo na bado niliyatumia vilevile kama kila mtu.

Mwezi wa sita ikaja fomu. Kulikuwa na sheria mpya kwamba kuanzia mwezi wa saba hakuna atakayepima maziwa bila cheti. Cheruto hakuwa nacho, maana shule aliiachia kidato cha pili. Chuo kimoja mjini Nakuru kilikuwa kikiwapa vyeti watu waliojifunzia kazini, mradi kikundi chao kiwaandikie na kutia sahihi. Katibu wa kikundi ni mimi. Fomu ilisema, "Eleza ujuzi wa mwili alio nao mwombaji," na chini yake, "Eleza ujuzi wa akili alio nao mwombaji." Kila swali lilipewa mistari minne. Mwisho wa kuipeleka ulikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Bila fomu hiyo Cheruto angerudi kuvuna viazi vya watu huko Mau Narok, na alikuwa na watoto wawili na mama mgonjwa wanaokula kwa sababu ya kibanda kile.

Fomu ililala mezani kwangu wiki mbili. Kila nikishika kalamu niliandika "ustadi" kichwani, nikaufuta.

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho, Cheruto alifunua mkebe wangu, akainama, akafunika.

"Mwalimu, hii leo hapana."

"Ina nini?"

"Haiko sawa."

"Weka laktomita."

Akaiweka. Ikasimama palepale inapotakiwa. Nikamwambia atie spiriti. Akatia, na maziwa hayakuganda. Nyuma yangu walisimama watu kama kumi na watano, wengine niliwafundisha mimi mwenyewe kusoma.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Rudisha tu nyumbani, Mwalimu. Pole."

Ile pole ndiyo iliyoniuma. Nilipanda bodaboda na mkebe wangu mapajani, masikio yakiwaka moto kwa hasira. Nyumbani nilimweleza mume wangu, Gachanja, ambaye tangu astaafu kazi ya reli ndiye anayewatunza ng'ombe wetu watatu na kukamua. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wasichana wa siku hizi," akasema, akaenda zake zizini. Gachanja ni mtu mpole, na kimya chake nilikichukua kuwa ananiunga mkono.

Nikatoa daftari la kikundi. Katibu huandika kila kitu: nani kaleta, nani kakataliwa, siku gani. Kwa miezi mitatu nyumba saba zilikuwa zimekataliwa, yangu ikiwa ya saba. Nikayasoma majina. Yote saba yalikuwa ya upande wa chini wa reli.

Sina haja ya kueleza sana, majina yenyewe yanataja kabila. Upande wa juu ni akina Bethwel, Kemboi, Jerotich. Upande wa chini ni akina Njuguna, Wangare na mimi. Tunazikana, tunaazimana dume, watoto wetu wameoana. Lakini kila baada ya miaka mitano, kura zikikaribia, kuna wiki kadhaa ambapo kila nyumba inafunga begi na kuliweka karibu na mlango, tayari kukimbia. Cheruto ni wa upande wa juu.

Halafu nikaona jambo la pili. Hakuna aliyekataliwa moja kwa moja. Mtu alirudishwa Jumatatu, akarudishwa Jumanne, Jumatano akapita bila neno lolote. Kati ya Jumanne na Jumatano kulitokea nini? Nilijijibu mwenyewe: kuna kitu kilipita mkono kwa mkono.

Jioni hiyo nilimkuta Njuguna akikata nyasi kando ya barabara. Alikuwa mmoja wa wale waliorudishwa mwezi uliotangulia.

"Njuguna, ulimpa nini yule msichana?"

"Msichana gani?"

"Unajua ninayemsema. Ulirudishwa siku mbili, ya tatu ukapita."

Akatazama chini, akapangusa panga kwa nyasi ingawa lilikuwa safi. "Mwalimu, hiyo mambo iliisha. Wachana nayo."

Mtu asiye na la kuficha hatazami chini. Niliondoka pale nikiwa na uhakika wa mtu anayesema Amina kanisani.

Jumanne nilimwendea Mzee Bethwel nikamwambia kikundi kinapaswa kumpima mpimaji kabla ya kumwandikia. Bethwel ni mtu wa haki na hapendi kelele, akakubali. Jumatano alfajiri nilizunguka mwenyewe nyumba kumi, juu na chini ya reli, nikachukua chupa moja moja ya maziwa, nikazibandika namba. Ya nyumbani kwangu, aliyonijazia Gachanja kutoka kwenye mkebe, niliipa namba saba. Orodha ya majina niliificha ndani ya blauzi. Saa nne tulikuwa kibandani: mimi, Bethwel, Kimeli na wengine wachache. Cheruto aliletwa, akaambiwa ataje kila chupa imetoka kwa nani.

Hakulalamika. Alijipangusa mikono kwenye aproni, akaanza.

"Hii ni ya Mzee Kemboi. Hii ya Wangare, amebadilisha majani. Hii sijawahi kunusa nyumba yake lakini ng'ombe amezaa juzi." Hiyo ya tatu ilikuwa ya Jerotich, ambaye ng'ombe wake alikuwa na siku tisa tangu azae na alikuwa bado hajaanza kuleta maziwa. Kimeli akapiga mluzi. Cheruto aliendelea hivyo mpaka namba saba. Akafungua, akanusa, akafunga. Akafungua tena. Kisha akanitazama mimi, si chupa.

"Hii sijui."

"Hujui ni ya nani?"

"Sijui, Mwalimu."

Akamaliza nane, tisa na kumi, zote sawa. Mzee Bethwel alipiga makofi kama yuko harusini. "Tisa kwa kumi! Mwalimu, hata wewe hukuwahi kupata mtoto kama huyu."

Nilikuwa nimewapata, na ndiyo maana sikupiga makofi. Mwanafunzi anayeiba mtihani, kama ana akili, huacha swali moja makusudi ili asishukiwe. Nimewashika wangapi kwa hilo! Na swali aliloliacha huyu lilikuwa langu, mimi ambaye alinirudisha mbele ya watu. Nani alimpa orodha sikujua, lakini nilijua alipewa. Alasiri hiyo niliiandikia kamati barua ya kurasa tatu. Niliweka jedwali la nyumba saba na tarehe zake. Nilipendekeza fomu isijazwe. Neno "ujanja" lilitokea mara nne, na kila mara niliona limekaa vizuri. Bethwel aliipokea, akaitisha mkutano Alhamisi saa nane.

Alhamisi asubuhi ndama wetu alijikata mguu kwenye seng'enge. Nilimkumbatia shingoni, nikamwita Gachanja alete ile dawa ya kuoshea vidonda, ile ya maji inayotoa povu. Niliinunua mwenyewe Pasaka, chupa kubwa. Gachanja alikawia. Alipokuja, chupa ilikuwa na dawa ya kufunika kitako tu. Niliimimina, povu likachemka mguuni kwa ndama.

"Mbona imeisha? Nani mwingine ameumia hapa?"

Alikuwa ameshika kifuniko cha chupa, akikizungusha kidoleni.

"Gachanja."

"Ni kidogo tu," akasema. "Kifuniko kimoja kwa mkebe."

Nilidhani sikusikia. Akaanza kueleza, polepole, akitazama mguu wa ndama. Pikapu ya Kimeli huja asubuhi tu, kwa hiyo maziwa ya jioni kila mtu huyalaza kwenye beseni la maji baridi na kuyachanganya na ya asubuhi. Hilo nililijua, hata kikundi kinalijua na kufumba macho. Lakini mwaka huu kumekuwa na joto, na ya jioni yalikuwa yakichacha. Akaja mtu wa pikipiki anayeuza chumvi ya ng'ombe, akawafundisha watu wa upande wetu kwamba kifuniko kimoja cha dawa hiyo kinayashikilia maziwa mpaka asubuhi, na laktomita haioni wala spiriti haioni.

"Si kudanganya mtu, Wamaitha. Ni maarifa tu."

Maarifa! Ya kwake yalikuwa maarifa. Nilimtazama mtu huyu niliyeishi naye miaka arobaini, aliyeniacha nimtukane msichana wa watu siku tatu nzima huku akinimiminia chai, na nikashindwa hata kumgombeza.

"Njuguna naye?"

"Njuguna, Wangare, wote wale. Waliacha. Huyo msichana akiwarudishia mara mbili, waliacha. Mimi nilifikiri nikipunguza hatajua."

"Alijuaje?"

"Mimi nitajuaje alijuaje? Njuguna alimuuliza. Alimwambia ya jana lazima inuke jana. Ikikataa kunuka, kuna mtu ameinyamazisha."

Nilikaa chini palepale kwenye majani. Kifungu cha tisa cha katiba ya kikundi nilikitunga mimi, na nilijivunia lugha yake: mwanachama atakayetia kitu chochote ndani ya maziwa, yeye na nyumba yake wataondolewa mwaka mzima, na mpimaji atakayejua na kunyamaza, ataondolewa siku hiyohiyo. Kwa hiyo Cheruto angesema neno moja tu pale kwenye foleni, "dawa", ningekuwa nje. Hakulisema. Alisema haiko sawa, akayarudisha maziwa, hayakunywewa na mtoto wa mtu yeyote, na akaziachia nyumba saba nafasi ya kujirekebisha bila aibu. Na mimi nilikuwa nimeyaandika yote hayo kwenye jedwali, kwa rula. Nyani haoni kundule. Nilikaa na povu mikononi na niliona aibu, na sina neno la ufasaha zaidi ya hilo.

Nilikwenda mkutanoni na mpango. Ningeiondoa barua kimyakimya, ningeijaza fomu jioni hiyo, Gachanja angeacha ujinga wake, na mambo yangekwisha kama ya Njuguna yalivyokwisha.

Kibanda kilikuwa kimejaa. Watu wa juu walikaa upande mmoja, wa chini upande mwingine, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Cheruto alisimama mlangoni na aproni yake.

"Mwenyekiti," nikasema kabla hatujafika popote, "naomba kuondoa barua yangu. Nilikuwa na hasira."

"Hapana, Mwalimu." Aliyenikatiza alikuwa Kemboi, mzee mrefu wa upande wa juu, ambaye huwa hasemi sana. "Hii maneno imeshatoka kwako. Imefika sokoni. Watu wa chini wanasema sisi tumeweka mtu wetu hapa kuwanyima soko. Jana mke wangu ameambiwa hivyo kwa duka. Huwezi kutupa mawe halafu useme ulikuwa na hasira. Wacha msichana aseme mbele ya wote."

Upande wa chini nao wakanung'unika kwamba ndiyo, aseme. Niliyempa mwenye duka maneno hayo ni mimi, Jumanne, nikinunua sukari.

Mzee Bethwel alivua kofia. "Cheruto, msichana wangu. Maziwa ya Mwalimu Jumatatu ilikuwa na nini?"

Cheruto aliingiza mikono kwenye mfuko wa aproni. Nilimwona akinitazama, akamtazama Njuguna, akatazama sakafu.

"Nilikosea," akasema.

"Ulikosea namna gani?"

"Ilikuwa sawa. Nilikuwa na mafua."

Watu wakageukiana. Nilipomtazama Bethwel niliona ameumia kweli. "Mpimaji akirudisha maziwa nzuri, hatuwezi kuandikia chuo kwamba anajua kazi. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Basi Katibu aandike."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Niliandika, "Mpimaji amekiri," nikasimama hapo. Ningependa kusema kwamba niliinuka mara moja. Sikuinuka. Niliwaza ng'ombe watatu, niliwaza Gachanja akikutana na watu kanisani, niliwaza wanafunzi wangu wa zamani wakinicheka njiani, na niliwaza yote hayo kwa utulivu kabisa huku msichana akifungua kamba za aproni. Alipoikunja aproni na kuiweka juu ya meza, hapo ndipo nilipoweza kusimama.

"Hakukosea," nikasema. "Maziwa yangu yalikuwa na dawa."

Nikawaambia yote: dawa gani, kiasi gani, nani alitia. Njuguna na wenzake sikuwataja. Wakati nikisema, Cheruto alinitikisia kichwa kidogo kama anayekataa, macho yakiwa yamemtoka. Nilidhani ni unyenyekevu. Nikaendelea, tena kwa sauti, na nakiri kwamba kufikia mwisho nilikuwa nimeanza kujisikia vizuri.

"Mwalimu," Mzee Bethwel akasema, "kifungu cha tisa uliandika wewe."

"Nakijua. Mwaka mzima. Nimekubali."

Kimeli akaivuta fomu kutoka kwenye jalada langu. "Alisema haiko sawa, na haikuwa sawa. Mimi ni mwanakamati, nitajaza." Kwenye ujuzi wa mwili akaandika, Ako na pua. Kwenye ujuzi wa akili akaandika, Ako na akili. Mistari minne, naye ametumia nusu ya mmoja! Hata katika fedheha yangu jambo hilo liliniudhi. Alikuwa anageuza ukurasa atie sahihi, Kemboi akasema:

"Ngoja."

Alikuwa hajakaa tangu aliposimama mara ya kwanza. "Barua ya Mwalimu ilisema nyumba saba. Yeye ni moja. Hizo sita zilikuwa na nini?"

Njuguna alitazama viatu vyake. Wangare, mama mzima, mshauri wa vijana kanisani, alianza kukohoa. Na mimi, mwenye akili zote, ndipo nikaelewa kwa nini Cheruto alinitikisia kichwa. Nilikuwa nimeufungua mlango ambao alikuwa ameuegemea kwa mgongo wake miezi mitatu. Nyumba sita, zote za upande mmoja, zingetolewa kikundini kwa mdomo wa watu wa upande wa pili, mwaka mmoja kabla ya kura. Na yeye mwenyewe, aliyejua akanyamaza, angeondoka siku hiyohiyo kwa kifungu changu. Kimeli aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Mikebe yao ilikuwa chafu," Cheruto akasema.

"Yote sita?" Kemboi akauliza.

"Yote. Niliwaambia waoshe na maji moto. Wakaosha, nikachukua maziwa."

Hakupepesa jicho, hakuongeza neno. Kwa miaka miwili nilikuwa nimetafuta dalili za uongo katika uso wa msichana huyu, na sasa, kwa mara ya kwanza, nilikuwa na haki. Alikuwa anadanganya, na alidanganya vizuri kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumhamishia dawati la mbele.

Kemboi hakuridhika. Akanigeukia.

"Mwalimu, daftari liko na wewe. Na wewe tumekuona leo, huwezi kuficha hata kitu ya nyumba yako. Ni kweli?"

Watu wote wakanitazama, juu na chini. Daftari lilikuwa wazi magotini pangu. Kulikuwa na jina la Njuguna, tarehe mbili za kurudishwa, tarehe moja ya kupokewa. Hakukuwa na neno lolote kuhusu mikebe.

"Ni kweli," nikasema. "Wa Njuguna ulikuwa na kutu chini ya kifuniko. Nilimwona kwa macho yangu akiusugua kwa mchanga, nikamwambia mchanga hautoshi, atafute brashi ya waya."

Hakuna aliyeniomba maelezo hayo. Yalikuja yenyewe, moja baada ya jingine, kutu, mchanga, brashi, na Njuguna akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekumbuka. Kemboi alinitazama kidogo zaidi, kisha akakaa. Kimeli akatia sahihi. Mzee Bethwel akagonga mhuri, akamkabidhi Cheruto fomu, na Cheruto akaichukua bila kuniangalia, akavaa tena aproni yake.

Mimi nilirudi kwenye kumbukumbu za mkutano, za mwisho kuandikwa na mimi. Nilifuta "Mpimaji amekiri". Mahali pake niliandika kwamba nyumba sita zilipatikana na mikebe michafu na zimekwisha kujirekebisha, kwa mwandiko uleule mzuri niliokuwa nikiandikia ubaoni. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.